TULITUNZE LORI LETU: KUWASHA, KUPASHA MOTO NA KULINDA INJINI YA DIZELI

Maelezo ya Katibu wa Chama wa Kijiji katika mkutano wa wanaushirika. Yameandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya ndugu ambao hawakufika, na kwa waliofika wapate kukumbuka.



Ndugu zangu, leo nimeomba nafasi kwa jambo moja tu. Sitasema habari za michango wala za barabara. Nitasema habari za lori letu, na hasa zile dakika chache za alfajiri, tangu dereva anaposhika ufunguo mpaka lori linapotoka hapa ghalani. Dakika hizo ni chache, lakini ndizo zitakazoamua kama lori hili litazeeka nasi au litatufia mikononi.

Mnajua wenyewe lori hili ni nini kwetu. Mahindi na viazi vyetu vinafika Makambako kwa lori hili. Mbolea inapanda huku juu kwa lori hili. Mama akishikwa na uchungu usiku, na mzee akizidiwa, wanakwenda hospitali kwa lori hilihili. Hatuna la pili. Injini ikifa, kuifumua na kuisuka upya, maana yake krankishafti, pistoni, ringi na beringi zake zote, itameza fedha za mavuno ya msimu, na wakati huo viazi vitaozea shambani.

Sasa tumeingia katika miezi ya baridi. Huku kwetu nyanda za juu za Njombe, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, asubuhi nyingine jalidi inalala nyeupe mabondeni. Na baridi ikiingia, ugomvi wa lori unaingia. Kuna kundi linalosema dereva anapoteza muda, awashe aondoke mara moja. Kuna kundi linalosema injini ya dizeli lazima ingurume saa nzima ndiyo ipate moto. Na kuna kundi la tatu linalosema themostati ing'olewe, itupwe, ndipo lori lisichemshe mlimani. Nimekaa na dereva, nimekaa na fundi, na nimesoma kitabu cha lori ukurasa kwa ukurasa. Nawaambieni makundi yote matatu yanaiua injini, kila moja kwa njia yake. Hebu tufuatane polepole.

KWANZA: DIZELI INAWAKAJE?

Injini ya petroli ina plagi inayotoa cheche, cheche ikawasha petroli. Injini yetu haina cheche. Mjerumani mmoja, Rudolf Diesel, alipata hati ya ugunduzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ilifanya kazi vizuri kule Augsburg. Yeye alitumia jambo ambalo hata mtoto mwenye baiskeli analijua. Ukijaza upepo kwenye tairi kwa nguvu, pampu inapata moto mkononi. Kwa nini? Kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto.

Basi ndani ya silinda pistoni inapanda na kuibana hewa mpaka inabaki sehemu moja tu kati ya kumi na sita au zaidi ya nafasi iliyokuwa nayo. Hewa hiyo inapata joto la zaidi ya digrii 500. Hapo pampu inasukuma dizeli kupitia nozeli, inapulizwa kama ukungu, na ukungu ule ukikutana na hewa ya moto unawaka wenyewe. Hiyo ndiyo dizeli. Moto wake unatokana na kubanwa kwa hewa, basi.

Sasa tazama baridi inafanya nini. Hewa inayoingia ni ya baridi. Chuma cha silinda ni cha baridi, kinalinyonya joto kabla halijatimia. Oili imekuwa nzito kama asali ya asubuhi, kwa hiyo stata inazungusha injini kwa shida. Na betri nayo, kwa sababu ya baridi, imepungukiwa nguvu. Yaani siku ambayo injini inahitaji kuzungushwa kwa nguvu zaidi, ndiyo siku ambayo mzungushaji ni mchovu. Ndiyo maana lori lililowaka mara moja mwezi wa kumi na mbili linagoma mwezi wa saba. Halina pepo wala halijarogwa.

PILI: KAZI YA ALFAJIRI HUANZA JIONI

Lori linaloegeshwa vibaya jioni litasumbua asubuhi. Kwa hiyo:

1. Liwekwe bandani, mbali na upepo. Likikosa banda, lisimame tambarare na liwekewe kigingi. Ile tabia ya kuliegesha mteremkoni ili asubuhi liserereke liwake, tuiache. Lori letu linategemea upepo wa breki. Injini ikiwa haijawaka, hakuna upepo mpya unaotengenezwa, na usukani nao unakuwa mzito. Likiserereka bila kuwaka, mbele kuna nyumba za watu.

2. Tangi lijazwe jioni. Tangi tupu lina hewa, hewa ina unyevu, na unyevu ukipoa usiku unageuka matone ya maji. Maji ni adui wa pampu na nozeli.

3. Betri zikaguliwe. Lori letu lina volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Ikifa moja zibadilishwe zote mbili, kwa maana betri mpya ikifungwa ng'ombe mmoja mzima na mmoja kilema, jembe haliendi. Vichwa vyake vifutwe ule unga mweupe, vikazwe, vipakwe grisi. Zikipungua maji, ziongezwe maji ya betri tu, siyo ya kisimani.

4. Oili iwe ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha lori. Oili nyingi za dizeli siku hizi zimeandikwa 15W-40. Ile namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza tabia ya oili wakati wa baridi. Ikiwa ndogo, oili inatiririka upesi zaidi asubuhi. Ile ya pili inaeleza tabia yake injini ikiwa ya moto. Mtu asituletee oili nzito ya namba moja kwa sababu tu ni rahisi dukani.

5. Rejeta iwe na kulanti, siyo maji matupu ya mtoni. Maji yakiganda yanavimba, na yakivimba ndani ya chuma yanakipasua. Kwetu usiku wa kugandisha injini si mwingi, lakini faida ya kulanti ni ya kila siku: inazuia kutu ndani na inachelewesha kuchemka.

TATU: KABLA YA KUGUSA SWICHI

Asubuhi dereva na utingo wazunguke lori. Wachomoe kijiti cha oili, wakifute, wakirudishe, wakichomoe tena ndipo wasome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi nayo ni ubovu. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ajabu, ule ni masizi inayoyabeba, ndiyo kazi yake. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, lori lisiwashwe. Na kiwango kikipanda bila mtu kuongeza, jua dizeli au maji yanashuka ndani ya sampu. Fundi aitwe.

Wafungue kikombe cha chini cha chujio la dizeli wamwage maji yaliyotuama usiku. Kazi hii ifanywe kabla injini haijawashwa, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli na usiku kucha yamekaa chini yakisubiri. Waangalie maji ya rejeta, mkanda wa feni, na chini ya lori kama kuna tone lolote. Kama jana usiku boneti ilifunikwa magunia, yaondolewe yote. Gunia likinaswa na feni litavunja rejeta.

Kazi yote hii haifiki dakika kumi. Utingo hodari anaifanya wakati dereva anakunywa uji.

NNE: KUWASHA

Gia iwe huru na breki ya mkono iwe imevutwa. Kama injini ina plagi za kupashia joto, dereva afungue swichi na asubiri taa yake izimike. Asiwe na pupa. Injini zisizo na plagi hizo hazina taa hiyo, na kitabu cha lori kinaeleza zinavyowashwa wakati wa baridi.

Klachi ikanyagwe mpaka chini, maana oili ya giaboksi nayo imeganda kama uji uliolala, na ukikanyaga klachi unaiondolea stata mzigo huo. Halafu stata. Isipigwe zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo. Ikikataa, iachwe ipumue dakika moja au mbili, kwa maana stata inakula umeme mwingi na inapata moto upesi. Mara tatu ikikataa, simama, tafuta sababu. Kuna dizeli? Hewa imeingia kwenye mabomba? Betri imechoka? Chujio limeziba? Kuendelea kupiga stata ni kuchoma stata na kumaliza betri, na mwisho wake hata sababu yenyewe hutaijua.

Hapa nitaje mambo manne tunayoyaona barabarani na ambayo hapa kwetu yawe MARUFUKU.

La kwanza, kitambaa cha petroli au dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa. Wengine wanaita "kuliamsha". Vitu hivyo vinawaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Ni sawa na mtu anayepanda ngazi akapigwa nyundo ya utosi. Ringi zinavunjika na pistoni zinapasuka. Na kama injini ina plagi za joto, moto unaweza kurudi nje ukamchoma aliyeshika kitambaa.

La pili, moto wa kuni chini ya injini. Majira ya baridi ya mwaka 1941, katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Wajerumani kule Urusi yalifika hatua ya kuwasha moto chini ya magari yao. Ile ilikuwa baridi ya kuua watu, na walikuwa vitani. Sisi tuna mabomba ya dizeli, nyaya na sampu iliyolowa oili. Nchi zenye theluji leo wanatumia kipasha joto cha umeme kinachofungwa kwenye injini usiku. Kwetu kujaza betri na kutumia oili sahihi kunatosha.

La tatu, kusukuma lori. Lori lenye mzigo si baiskeli. Watu wamo mbele, wamo nyuma, likishika ghafla wanaanguka chini ya magurudumu.

La nne, kuchanganya dizeli na mafuta ya taa au petroli ili "iwe nyepesi". Vile vyuma vya pampu vinavyoisukuma dizeli vinalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipunguzia dizeli utelezi, vyuma vinasagana. Anayenunua mafuta ya magendo ya bei ya chini kwa ajili ya lori la ushirika anauza pampu ya ushirika.

TANO: KUPASHA MOTO. HAPA NDIPO PENYE UGOMVI

Injini imewaka. Macho ya dereva yaende kwenye geji ya oili. Ndani ya sekunde chache, tuseme kumi au kumi na tano, presha ya oili iwe imepanda. Isipopanda, zima papo hapo.

Nawajibu sasa wale wa "twende, twende". Usiku kucha oili imeshuka yote chini kwenye sampu. Kule juu kwenye valvu, kwenye beringi na kwenye tabo, umebaki utando mwembamba tu. Ukiwasha na kupiga resi palepale, chuma kinakimbia juu ya chuma kabla oili haijafika. Tena kuna jambo la pili. Pistoni ni ya aluminiamu, silinda ni ya chuma. Aluminiamu inatanuka upesi kuliko chuma, na pistoni ndiyo inayopata moto kwanza. Ukiitwisha mzigo mkubwa wakati silinda bado ya baridi, pistoni inavimba ndani ya nyumba ambayo haijapanuka, inakwaruza kuta. Mikwaruzo hiyo hamtaiona leo wala kesho. Mtaiona siku lori litakapoanza kutoa moshi wa bluu na kula oili.

Nawajibu na wale wa saa nzima. Injini ya dizeli isiyo na mzigo haipati moto vizuri, hata ikinguruma mpaka jua litoke. Inachoma dizeli kidogo, na joto lote linapotea. Kwa kuwa silinda ni za baridi, dizeli haiungui yote. Ile isiyoungua inatelemka ukutani, inaosha oili, inaingia kwenye sampu na kuifanya oili kuwa maji maji. Nozeli zinaota masizi. Na mjue kwamba ukichoma lita moja ya dizeli unatoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Injini ikiwa ya moto, mvuke unatoka na moshi. Ikiwa ya baridi, sehemu yake inagandamana ukutani, inachanganyika na uchafu wa moshi na kuwa asidi inayotafuna chuma.

Tena tupige hesabu, ndugu wa darasa la kisomo mnisaidie. Lori la namna hii likinguruma bila kwenda linakula karibu lita 2 kwa saa. Asubuhi 26 za mwezi ni lita 52. Miezi mitatu ya baridi ni lita 156. Hizo tumezimwaga bure, na pamoja na hizo tumenunua ugonjwa wa injini.

Njia iliyo sawa ni ya katikati. Baada ya kuwaka, iachwe ingurume polepole dakika tatu mpaka tano. Asubuhi ya jalidi, dakika tano zitimie. Wakati huo presha ya oili inakaa sawa na upepo wa breki unajaa. Geji ya upepo ikiwa haijafika kiwango, lori lisiondoke hata kama injini iko tayari. Kisha liondoke, kwa gia ndogo, taratibu, bila kukanyaga mafuta zaidi ya nusu. Mzigo mwepesi ndio unaopasha moto injini, na unapasha pia giaboksi, difu na magurudumu, ambavyo haviwezi kupata moto kwa kunguruma pale ghalani. Geji ya joto ikifika digrii 70 au 80, sasa dereva yuko huru kulitumia lori kwa nguvu zake zote. Kwa bahati mbaya kile kilima cha kutokea kijijini kiko karibu. Kwa hiyo dereva atakipanda kwa gia ya chini na bila papara, na abiria wasimcheke.

Moshi mweupe kidogo wakati wa kuwaka si ajabu, ni dizeli isiyoungua. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, kuna hitilafu ya nozeli, au mbano umepungua, au maji yanaingia ndani. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: tazama chujio la hewa, tazama mzigo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

SITA: THEMOSTATI IBAKI MAHALI PAKE

Hili limezungumzwa sana vilabuni, basi nalo lisemwe hapa hadharani.

Themostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji. Injini ikiwa ya baridi, unafunga, maji yanazunguka ndani tu ili injini ipate moto upesi. Ikifika karibu digrii 80, unafunguka maji yaende rejeta kupoa. Ukiing'oa, huku kwetu kwenye baridi injini haipati joto lake hata ikitembea kutwa. Yale mabaya yote niliyoyasema ya kunguruma bure yanakuwa ya safari nzima. Na ziko injini ambazo ukiing'oa zinachemsha zaidi, kwa sababu maji yanapata njia ya mkato na hayapiti rejeta yote.

Ni kweli lori linachemsha mlimani. Lakini tujue kwa nini. Huku juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Pwani maji yanachemka kwa digrii 100, huku kwetu yanachemka kwa digrii 93 hivi. Akina mama mnaijua habari hiyo, maharage huku yanachelewa kuiva. Sasa mfuniko wa rejeta ndio unaotuokoa. Ukiwa mzima, unabana presha ndani na kuyaongezea maji zaidi ya digrii kumi kabla hayajachemka. Ukiwa umechakaa, au umefungwa kitambaa na kipande cha mpira, msaada huo haupo. Kwa hiyo lori likichemsha tutazame mfuniko, tutazame rejeta kama imeziba majani na vumbi, tutazame mkanda wa feni, pampu ya maji na gasketi ya silinda hedi. Tumtafute mwizi mwenyewe, tusimfunge mlinzi. Na yeyote asifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Maji yale yanaruka usoni.

SABA: KUZIMA

Lori likifika kutoka mlimani na mzigo, lisizimwe palepale. Tabo inazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika moja, na inaendeshwa na moshi wa moto mkali. Injini ikizimwa ghafla, oili inasimama, lakini tabo bado inazunguka kwa kasi yake na bado ina moto. Oili iliyobaki mle inaungua na kuwa mkaa. Dakika mbili au tatu za kunguruma polepole zinatosha kuipoza. Na ile tabia ya kupiga resi moja ya mwisho kabla ya kuzima, kama salamu ya kijijini, ikome.

NANE: NANI ANA AMRI JUU YA INJINI?

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipotaka kufika. Mambo yote niliyosema dereva wetu anayajua. Kinachoharibu ni makelele yetu. Mtu ana gunia tatu za viazi, anagonga kibanda cha dereva: "Ondoa gari, soko linafungwa!" Mwingine ana cheo, anataka awahi mkutano mjini. Dereva ni mwajiriwa wa ushirika. Akisikia sauti ya mkubwa, anaondoa lori na injini ya baridi. Siku injini itakapokufa, mkubwa yule hatakuwapo, na lawama zitamwangukia dereva.

Kwa hiyo napendekeza, na Mwenyekiti atapigisha kura: kwa dakika zile tano, mwenye amri ni dereva peke yake. Si Mwenyekiti, si mimi Katibu wa Chama, si mwenye mzigo mkubwa. Atakayemharakisha atajwe mkutanoni kwa jina, na kama ni kiongozi atajwe kwanza.

Najua swali litakaloulizwa na akina mama, na ni swali la haki. Mgonjwa wa usiku je? Mama anavuja damu, tumwambie asubiri injini ipate moto? Hapana. Utaratibu uwe huu. Anapozidiwa mtu, wa kwanza kupigiwa simu au kukimbiliwa awe dereva, hata kabla ya kutafuta machela na mablanketi. Dereva na utingo watakagua na kuwasha lori wakati nyinyi mnamwandaa mgonjwa. Kwa mwendo wa kutoka nyumba za bondeni mpaka ghalani, dakika tano zitakuwa zimepita na lori litakuwa tayari. Lori lenye injini iliyotunzwa ndilo litakalowaka usiku ule. Lililonyanyaswa litagoma, na hapo hakuna kitakachosaidia. Uhai wa mtu na uhai wa injini havigombani, mradi tumwamshe dereva kwanza.

TISA: DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lori liwe na daftari lake ndani ya kibanda. Kila siku utingo aandike: tarehe, kilometa, kiwango cha oili, maji yaliyoongezwa, dizeli iliyotiwa, saa ya kuwasha na saa ya kuondoka, na rangi ya moshi. Oili na machujio vibadilishwe kwa kilometa zilizoandikwa kwenye kitabu cha lori, siyo kwa kungoja fedha zibaki.

Na daftari hilo kila Ijumaa lisomwe kwenye darasa la kisomo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na shabaha mojawapo ilikuwa watu wajifunze namna ya kuboresha maisha yao. Basi hii ndiyo kazi yetu. Mama anayejifunza kujumlisha, ajumlishe lita za dizeli. Mzee anayejifunza tarakimu, asome geji. Oili ikianza kupungua kila juma, wanakisomo watagundua kabla ya fundi. Lori litakuwa na macho arobaini badala ya mawili.

Ndugu Mwenyekiti, mapendekezo yangu ni manne: dakika tano za dereva, marufuku zile nne, themostati na mfuniko mzima wa rejeta, na daftari. Havitaki mkopo wala mfadhili. Vinataka subira na kusimamiana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ya dizeli hujengwa kwa fedha nyingi mno.



Ukimaliza kusoma hapa, msomee na mwenzako asiyejua kusoma. Tafadhali usichane karatasi.